Mashine ya Boti Haichomi? Anza na Plagi, CDI Ije Mwisho

Mashine ya boti ya zamani ikigoma kuwaka, CDI, lile boksi linaloamuru moto wa plagi, ndiyo inayolaumiwa kabla ya kitu kingine chochote. Mwenye boti anatafuta fedha, spea inaagizwa Dar es Salaam au Mombasa, siku nzuri za kuvua zinapita, CDI mpya inafungwa, na mashine inabaki vilevile kwa sababu kosa lilikuwa kwenye waya wa swichi ya kuzimia uliooza kwa chumvi. Hali hii inaniuma kila ninapoikuta, kwa kuwa fedha iliyopotea hapo ni ya nyavu, ya ada za shule, ya chakula cha nyumbani.

Vidokezo hivi vinafuata utaratibu mmoja: cha bei ndogo kabla ya cha bei kubwa, na kinachoonekana kwa nje kabla ya kinachohitaji kufunguliwa. Nimewafikiria zaidi wenye mashine za stroki mbili, hasa zile Yamaha Enduro za 15, 25 na 40 zinazosukuma boti kuanzia Lamu mpaka Mtwara na kule Ziwa Victoria. Mwenye Suzuki, Tohatsu, Johnson au Mercury ya umri huo naye hatapotea.

Nyingi kati ya mashine hizi hazihitaji betri ili zichome. Flaiwili ina sumaku. Ukivuta kamba, sumaku zinapita mbele ya koili ya kuchaji na kuzalisha umeme, umeme huo unahifadhiwa ndani ya CDI, halafu koili ndogo iitwayo pulsa inaiambia CDI wakati gani wa kuuachia. Ukiachiwa, unakwenda kwenye koili ya plagi, unapandishwa hadi maelfu mengi ya volti, na plagi inachoma. Waya wa swichi ya kuzimia uko pembeni, na kazi yake ni kuzuia yote hayo yasitokee. Njia hii ikikatika popote, plagi inakaa kimya.

Na huko baharini kukaa kimya kuna gharama yake. Mkondo wa maji kwenye pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima, na msimu wa kusi upepo nao unasukuma hukohuko. Boti iliyozima mashine katika mfereji wa Pemba haikai pale ilipozimia.

1. Jiridhishe kwanza kwamba ni umeme

Sikiliza namna mashine inavyozima. Umeme ukikatika, inazima ghafla, mara moja, bila kuaga. Mafuta yakikosekana, inalegea, inakohoa, inajaribu kunyanyuka, halafu ndiyo inakufa. Ukipampu kile kipira cha mafuta wakati inalegea na ikapata nguvu tena, achana na plagi, shughulika na mafuta.

Fungua pia skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi. Ikiwa imefungwa, mashine inakwenda vizuri kwa dakika kadhaa, halafu inanyongeka kwa kuwa petroli haiwezi kutoka mahali ambapo hewa haiingii. Ukisikia hewa ikifyonzwa pale unapoifungua, umeshapata jibu.

Kama bado una shaka, vuta kamba mara chache ukiwa umefunga choki, kisha toa plagi. Plagi iliyolowa na kunuka petroli inasema mafuta yamefika, kinachokosekana ni moto. Plagi kavu kabisa inasema mafuta hayajafika.

2. Swichi ya kuzimia na kamba ya usalama

Hapa pana jibu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na kile kibanio chekundu cha kamba ya usalama, ile inayofungwa kiunoni au mkononi ili mashine izime ukitumbukia. Kama hakipo mahali pake, mashine haiwaki hata ukivuta kamba mpaka mkono ukatike. Kama kimelika na badala yake pamewekwa kijiti au fundo la nailoni, inawezekana hakisukumi kitufe mpaka mwisho. Kinunue kipya, bei yake ni ndogo.

Kisha swichi yenyewe. Inazima mashine kwa kuupeleka waya wa CDI kwenye ethi, yaani kwenye bodi ya mashine. Maji ya chumvi yakiingia ndani ya swichi, chumvi ikiganda inaweza kuunganisha nyaya mbili hizo yenyewe, bila mtu kubonyeza kitu. CDI inapokea amri ya kuzima saa zote, nawe unavuta kamba bure.

Jaribio lake ni jepesi. Kwenye Yamaha, waya wa kuzimia ni mweupe na wa ethi ni mweusi. Fuata waya mweupe kutoka kwenye swichi mpaka kwenye kiungio chake karibu na CDI, uchomoe hapo, kisha pima moto wa plagi. Ukipata moto, CDI ni nzima, koili ni nzima, na kosa ni swichi au waya wake. Mashine za kampuni nyingine zina rangi nyingine, kwa mfano Mercury hutumia mweusi wenye mstari wa njano, hivyo usikate waya kwa kukisia.

Tahadhari: ukiwasha mashine ikiwa waya huo umechomolewa, swichi haitaizima. Jiandae kuizima kwa kufunga choki, hakikisha gia iko huru, na usiende nayo baharini katika hali hiyo hata kama samaki wanaruka mbele yako. Mtu akitumbukia, boti itaendelea na safari au itamzunguka na pangaboi.

3. Isome plagi

Toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda zilimotoka. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye masizi na iliyolowa maana yake ni petroli nyingi, oili nyingi, mwendo wa chini kwa muda mrefu, au cheche dhaifu isiyoweza kuunguza kinachoingia. Nyeupe kama chokaa inasema mashine inaungua kwa joto kwa sababu ya mafuta kidogo au hewa inayovuja. Ukiona chembe ndogo za kijivu zinazong'aa zimeganda kwenye kauri, acha kila kitu: hiyo inaweza kuwa aluminiamu ya pistoni, na hakuna plagi mpya itakayoponya hilo.

Nyeusi moja na kahawia moja kwenye mashine ya silinda mbili ni habari kubwa. Tutaifikia.

4. Namba za plagi zina maana

Yamaha nyingi za zamani zinatumia NGK B7HS. B ni uzi wa milimita 14, 7 ni kiwango cha joto, H ni urefu wa uzi wa milimita 12.7. Kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, kwa hiyo 8 ni ya baridi kuliko 7. Ikiongezwa R, kwa mfano BR7HS, kuna kizuizi cha umeme ndani ili redio isipige kelele. Ikiongezwa -10 mwishoni, pengo lake ni milimita 1.0, na B7HS tupu huja na pengo dogo zaidi. Fuata kitabu cha mashine yako, usichukue tu plagi inayoingia kwenye tundu.

Plagi bandia zimejaa sokoni, nazo hufanya mtu aamini CDI imekufa. Angalia maandishi kwenye kauri: kwenye plagi halisi yako safi na yamenyooka. Angalia pia ile pete ya chini: kwenye plagi halisi haitoki kirahisi kwa vidole. Na ncha ya katikati lazima iwe katikati kweli.

Unapoifunga plagi mpya, izungushe kwa vidole mpaka ikae, kisha ongeza nusu mzunguko hivi kwa spana. Iliyokwisha kutumika haihitaji kiasi hicho, ikaze kidogo tu. Uzi wa kichwa cha silinda ni aluminiamu, na ukishauharibu umejitafutia kazi nyingine kabisa.

5. Pima moto kwa pengo, si kwa plagi ikiwa nje tu

Karibu kila mtu hutoa plagi, huivisha kofia yake, huigusisha kwenye bodi na kuvuta kamba. Akiona cheche, anasema moto upo. Jaribio hilo linasema nusu ya ukweli. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na hewa iliyobanwa ni ngumu zaidi kwa umeme kuivuka. Cheche inayoruka vizuri hapa nje inaweza kushindwa kabisa mle ndani.

Tafuta kipima cheche chenye pengo linaloweza kurekebishwa. Si kifaa cha gharama, na fundi wa pikipiki mjini anaweza kukuelekeza pa kukipata. Mashine nzima ya CDI inatakiwa kurusha cheche ya bluu yenye mlio wa kukatika kwenye pengo la milimita 9 hivi. Cheche ya njano au nyekundu, nyembamba, inayoruka mara moja na kukosa mara mbili, ni dhaifu hata kama inaonekana.

Mambo matatu uyazingatie hapo. Kwanza, toa plagi zote ili flaiwili izunguke kwa kasi, kwa kuwa CDI haitoi kitu kamba ikivutwa kinyonge. Pili, kofia zote ziunganishe na ethi. Kuzungusha mashine huku waya wa plagi unaning'inia hewani kunaweza kuua koili au CDI iliyokuwa nzima. Tatu, na hili ni la uhai: matundu ya plagi yanatema mvuke wa petroli. Weka kipima mbali nayo, usipampu mafuta kabla ya kupima, na usishike waya kwa mkono mtupu, hasa ukiwa umesimama ndani ya maji.

6. Kofia na waya wa plagi

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinarudisha boti baharini kwa kisu na dakika chache.

Shika waya kwa mkono mmoja, kwa mwingine zungusha kofia kinyume cha saa. Kwenye Yamaha nyingi kofia imeshikwa na skrubu ndogo iliyo ndani yake, inayojichimbia katikati ya waya, kwa hiyo inafunguka kama kifuniko. Vuta, kisha angalia ncha. Waya ulioishi pwani kwa miaka mara nyingi una unga wa kijani pale shaba ilipo, na ukizigusa nyuzi kwa ukucha zinakatika na kubaki kidoleni. Umeme mkubwa unajaribu kupita hapo kila mzunguko, nusu unapita, nusu unapotea.

Kata milimita tano au sita. Ukikuta shaba inayong'aa, umefika. Ukikuta bado kijani, kata tena, ila usiufupishe waya mpaka ukakosa pa kufika. Safisha skrubu ndani ya kofia, izungushe irudi katikati ya nyuzi, na uweke grisi ya umeme mdomoni mwa kofia kuzuia maji. Kama una mita, pima na kofia yenyewe: zenye kizuizi ndani husoma karibu omu 5,000. Ikisoma maelfu mengi zaidi au isiposoma kabisa, nunua nyingine.

Halafu subiri giza. Jioni, mashine ikiwa inawaka kwenye pipa la maji na kifuniko chake kimeondolewa, angalia nyaya bila kuzigusa. Waya uliopasuka utauona: vijicheche vya bluu vinatoka ubavuni na kukimbilia kwenye chuma. Mchana hutaviona hata ukikodoa macho.

7. Ethi

Umeme ukienda lazima urudi. Koili ya plagi, CDI na sahani ya koili za chini ya flaiwili zote zinarudishia umeme kwenye bodi kupitia bolti na vipete vya nyaya nyeusi. Fungua kila bolti, piga msasa kipete na pale kinapokaa mpaka chuma kionekane, funga tena, paka grisi juu. Kazi ya nusu saa. Wenzetu wa Mwanza na Ukerewe hawana chumvi, lakini unyevu na mvua za ziwani vinafanya kazi hiyohiyo polepole.

8. Silinda moja imekufa

Boti imekuwa nzito, mtetemo umeongezeka, mashine inawaka lakini haina nguvu. Ipe mwendo kidogo, izime, kisha toa plagi. Silinda isiyofanya kazi itakuwa na plagi iliyolowa, na mwenzake itakuwa kavu na ya moto.

Hapo usinunue kitu. Hamisha. Badilisha plagi kati ya silinda mbili. Ugonjwa ukihama na plagi, ni plagi. Usipohama, badilisha kofia. Kama kila silinda ina koili yake, badilisha koili. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, na baada ya kila hatua jaribu tena. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja anaweza kuiwasha mashine, ila hatajua kipi kilikuwa kibaya, na atatupa vizima viwili.

Kuna jambo hapa linalookoa fedha nyingi. Mashine ndogo kadhaa za silinda mbili, pamoja na Yamaha 15 nyingi, zina koili moja tu yenye nyaya mbili, inayochoma plagi zote mbili kwa wakati mmoja. Kama koili yako ni ya namna hiyo na plagi moja inachoma vizuri, basi koili ya kuchaji inafanya kazi, pulsa inafanya kazi, na CDI inafanya kazi. Haiwezekani CDI ikaona silinda moja na kuikataa nyingine, maana inapeleka umeme kwenye koili ileile. Kosa liko kwenye waya, kofia au plagi ya upande ule. Mtu akikuambia ununue CDI katika hali hiyo, mwombe kwa upole akuonyeshe koili ziko ngapi.

9. Inawaka ikiwa baridi, inazima ikipata joto

Asubuhi inawaka kwa mvuto mmoja. Baada ya nusu saa inazima ghafla na haitaki tena. Ukikaa ukala muhogo, ikapoa, inawaka kana kwamba haikuwa na tatizo. Ukishahakikisha kwamba si ile skrubu ya hewa ya tangi, shuku koili. Waya mwembamba ulioviringwa ndani yake umekatika mahali. Ukiwa baridi ncha zinagusana, joto linapotanua vitu zinaachana. Koili ya kuchaji, pulsa na koili ya plagi zote zinaweza kufanya hivi, na CDI pia.

Shida ni kwamba kwa fundi mashine inafika ikiwa imepoa, na kila kipimo kinasoma sawa. Pima ikiwa bado ya moto, mara tu inapozima. Kama huwezi, angalau mweleze fundi kwa ukamilifu. "Fundi, mashine imekufa" haimsaidii. "Fundi, ilizima ghafla ikiwa kwenye mwendo mkubwa, baada ya nusu saa, plagi zote zimelowa, ikapoa ikawaka" inamfikisha karibu na jibu kabla hajashika spana.

Jamaa wa ugonjwa huu ni mashine inayokwenda vizuri mwendo wa chini na kukataa kupanda. Mercury nyingi za zamani zina koili mbili za kuchaji, moja ya mwendo wa chini yenye waya wa bluu na moja ya mwendo wa juu yenye waya mwekundu. Ile ya juu ikifa, mashine inawaka kama kawaida, ila ukifungua mafuta haiendi popote.

10. Mita ya umeme na mipaka yake

Mita ya bei nafuu inatosha kupima omu. Koili ya plagi ina pande mbili: upande mdogo husoma chini ya omu moja, upande mkubwa husoma maelfu. Koili ya kuchaji na pulsa kwa kawaida husoma mamia. Namba kamili ziko kwenye kitabu cha mashine yako, na kila modeli ina zake, kwa hiyo usikubali namba ya Enduro 40 kwa mashine ya 15.

Kabla ya kupima chini ya omu moja, gusanisha ncha mbili za mita. Ikisoma 0.3 ndivyo zilivyo nyaya za mita yenyewe, ondoa hiyo kwenye jibu lako.

Kumbuka na joto. Vitabu hutoa vipimo kwa nyuzijoto 20. Upinzani wa shaba hupanda takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja, kwa hiyo kivulini Tanga, kwa nyuzijoto 32, koili nzima itasoma juu kwa asilimia 5 hivi. Usiitupe kwa hilo.

Na kuna kitu mita ya kawaida haioni. Umeme wa koili za mashine hizi ni wa mipigo mifupi sana, na mita ya kawaida haiwahi kuidaka. Fundi mwenye adapta ya kupima kilele cha volti anaweza kukuambia koili inatoa kiasi gani wakati kamba inavutwa. Koili inaweza kusoma omu sahihi kabisa na bado ikaanguka inapotakiwa kufanya kazi.

11. Sasa zungumza kuhusu CDI

CDI haina kipimo cha kuaminika kwa mita ya kawaida. Inahukumiwa kwa kuondoa wengine. Waya wa kuzimia umechomolewa, plagi mpya, kofia nzuri, ethi safi, koili ya plagi nzima, koili ya kuchaji na pulsa zote zinasoma sawa, na bado hakuna moto: hapo ndipo inapostahili kushukiwa.

Hata hapo, kabla ya kununua, azima. Kwenye bandari yoyote yenye boti nyingi kuna mwenye mashine ya modeli ileile. Mwombe CDI yake kwa dakika kumi, mbele yake, na mrudishie palepale. Angalia namba iliyoandikwa juu yake, si umbo wala idadi ya nyaya tu, kwa sababu boksi mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuachia moto kwa wakati tofauti. Na kama kuna kitu kinachoua CDI kwenye mashine yako, mfano waya uliochubuka unaogusa bodi, kirekebishe kwanza, usije ukaua ya mwenzio.

12. Moto upo, plagi imelowa, lakini inapiga mlipuko kwenye kabureta

Kamba inarudi nyuma kwa nguvu na kukuvuta mkono, au moto unatokea mdomoni mwa kabureta. Umeme upo ila unakuja wakati usio wake. Chini ya flaiwili kuna kabari ndogo ya chuma inayoishika isizunguke peke yake juu ya mhimili. Pangaboi likigonga mwamba, au nati ya flaiwili ikilegea, kabari inakatika nusu na flaiwili inasogea milimita chache. Zinatosha.

Flaiwili inatolewa kwa kifaa chake cha kuvutia. Nyundo inayumbisha beringi za mhimili na kuachanisha sumaku zilizogandishwa kwa gundi. Sumaku iliyoachana ikikwaruza koili, umefungua ugonjwa mwingine.

13. Mashine za pointi

British Seagull za zamani, Johnson na Evinrude nyingi za miaka ya 1950 na 1960, na nyingine za enzi hizo hazina CDI, zina pointi na kondensa. Johnson na Evinrude nyingi hutaka pengo la milimita 0.5. Safisha nyuso za pointi kwa msasa laini sana, kisha pitisha kipande cha karatasi safi kati yake mpaka kitoke bila doa, kwa sababu mafuta kidogo ya kidole yanatosha kuzuia umeme. Pointi zilizoungua haraka na kuwa na rangi ya bluu zinaelekeza kwenye kondensa. Badilisha vyote viwili pamoja.

14. Vya kubeba na vya kutunza

Plagi mpya za namba sahihi, zimefungwa kwa nailoni. Spana ya plagi ya milimita 21. Kamba ya akiba ya kuwashia yenye fundo. Kibanio cha akiba cha kamba ya usalama. Bisibisi, koleo, kisu, kipande cha waya, msasa. Nanga yenye kamba ndefu ya kutosha, na tanga au makasia, maana mashine yoyote inaweza kukataa.

Ukirudi pwani, usipige maji ya presha ndani ya kifuniko cha mashine. Futa kwa kitambaa kilicholoa maji baridi, acha ikauke kifuniko kikiwa wazi, kisha puliza dawa ya kufukuza unyevu kwenye viungio vyote. Mashine inayolazwa bandani kwa msimu mzima ifunikwe vizuri. Panya wanapenda nyaya hizi.

Na ukibadilisha koili au kofia ambayo baadaye ikagundulika kuwa ilikuwa nzima, usiitupe. Ifute, ifunge kwenye mfuko mkavu, andika juu yake imetoka mashine gani na silinda ipi, uiweke kwenye sanduku la zana. Siku silinda moja itakapokufa mbali na nyumbani, utakuwa na kitu cha kujaribia.